Barua Zisizo na Pengo

Watu niliowachukia kwa moyo wangu wote ni wachache, na wawili kati yao nilifanya nao kazi chini ya paa moja mjini Isiolo, miaka ya themanini ikielekea kwisha. Mmoja alikuwa meneja wetu. Mwingine alikuwa taipisti mwenzangu, ila yeye alikuwa amepelekwa Nairobi kwa kozi fupi ya kompyuta, akarudi na cheti ndani ya fremu. Alikitundika ukutani mbele ya meza yangu, si mbele ya yake.

Ofisi ilikuwa ya mradi wa kanisa. Mradi ulikuwa umepata ardhi katika mtaa wa Chechelesi na kuipima ploti, zigawiwe familia zilizokuwa zikikaa pale miaka yote katika vibanda vya miti na magunia bila karatasi yoyote. Mama yangu alikuwa mmoja wao, na mimi na watoto wangu tulikaa naye. Mtu akiniuliza kwa nini nilivumilia chumba kile, jibu ni hilo. Jina la mama lilikuwa katika orodha ya ploti, na mshahara wangu ndio uliotulisha.

Kabla ya kompyuta, barua zote zilikuwa zangu. Niliajiriwa katikati ya miaka ya sabini, na kazi ya barua ya watu wengi ilikuwa na utaratibu wake. Nilipiga maneno mara moja tu kwenye stensili, ile karatasi laini ya nta, na nikikosea nikapaka dawa nyekundu iliyonuka kama rangi ya kucha. Pale jina la mtu lilipotakiwa, niliacha mstari wa nukta. Stensili ikafungwa kwenye mashine ya kurudufu, nikazungusha mkono mpaka bega likauma. Wino ukishakauka nilirudisha barua moja moja kwenye taipureta na kujaza zile nukta: jina la mtu, la baba yake, la babu yake. Vidole vyangu viliwajua watu wa Isiolo kwa babu zao.

Wazee na akina mama wengi wa Chechelesi hawakujua kusoma, lakini barua waliijua. Wino wa stensili ulilala juu ya karatasi. Jina lililopigwa na taipureta liliuma karatasi, na ukiigeuza uliweza kulipapasa kwa kidole gumba upande wa nyuma. Karani wa chifu alikuwa akimshika mtu kidole, anakiweka pale penye nukta na kumwambia, “Wewe uko hapa.” Mtu akaondoka ameridhika. Karatasi isiyo na mahali pa jina ilikuwa tangazo, kama yale yaliyobandikwa mlangoni kwa chifu kuhusu chanjo ya mbuzi. Tangazo ni la kila mtu. Unalisikia, unakwenda zako.

Mama alikuwa na sababu ya kulishika jambo hilo kuliko wengine. Zamani, tulipokuwa tukikaa Kiwanjani, watu walipita nyumba kwa nyumba wakisema kwa mdomo kwamba hakuna atakayehamishwa. Mama aliamini, akaendelea kukandika ukuta wake. Siku ya kuhamishwa ilipofika, waliokuwa na barua walibaki. Yeye aliambiwa aonyeshe yake, akasimama na udongo mikononi. Tangu siku ile hakuamini neno lisilo na karatasi, na hakuamini karatasi isiyo na pengo lililojazwa.

Basi kompyuta ikaja, ikawekwa kwa mwenzangu. Taipureta yangu ilibebwa ikapelekwa stoo, nami nikabaki na meza tupu na kazi ya kupokea watu. Yeye aliifunika mashine yake kwa plastiki kila alipokwenda kunywa chai, na alipofika asubuhi aliipangusa huku akinitazama.

“Dada yangu, usikaribie na hiyo vumbi yako,” aliniambia siku ya kwanza. “Hii kitu haitaki watu wa vumbi.”

Isiolo yote ni vumbi. Hata yeye, pamoja na ngozi yake ya mlimani iliyozoea mvua, alikuwa amejaa vumbi mpaka kope. Nilimwambia hivyo. Tangu hapo tukawa tunaongea kwa lazima tu.

Kazi ya kwanza ya maana ya mashine ile ilikuwa barua za ploti. Kila mwenye jina katika orodha aitwe siku moja, aje na barua yake, aonyeshwe jiwe lake la mpaka, atie kidole cha wino. Asiyekuja, au atakayekuja bila barua, ploti yake ingepewa mtu anayefuata kwenye orodha ya wanaongoja. Meneja alilisoma sharti hilo kwa sauti mbele yetu, tena akalirudia.

Kompyuta ilitakiwa kufanya kwa kukohoa mara moja kazi niliyoifanya kwa siku nyingi. Unaandika barua moja, pale pa jina unaweka alama, halafu katika faili nyingine unaandika jina la mtu, sanduku lake la posta, namba ya ploti na mahali anapopatikana, vikitenganishwa na koma. Mashine inachukua huku na huku, inachanganya, inatoa barua ya kila mtu. Mimi nilikaa mezani kwangu patupu nikiomba kimoyomoyo iharibike.

Haikuharibika, ila ilitoa vituko. Mwenzangu alikuwa ametoka kwenye taipureta kama mimi, na mkono wake ulikuwa bado unafanya mambo ya taipureta. Kila alipofika mahali ambapo kengele ya mwisho wa mstari ingelia, alibonyeza kushuka, ingawa kompyuta haina kengele. Na pale pa jina alipiga nafasi nyingi, kama sisi tulivyozoea kuachia nukta, ndipo akaweka ile alama katikati yake. Mashine haikujua kwamba nafasi zile zilikuwa kiti cha jina. Iliweka jina, na nafasi zote ikaziacha pale pale. Mwenye jina fupi alipata barua yenye shimo katikati. Mwenye majina matatu marefu, na Wasomali wetu wanayo, alisukuma mstari mpaka neno moja likaangukia chini peke yake, halafu barua ikaendelea kwenye mstari mwingine. Mzee mmoja mfuga ngamia, ambaye barua zake zilipitia duka moja la Kulamawe kwa sababu hakuwa na sanduku la posta, alikuwa ameandikwa katika faili bila koma ya sanduku. Kila kitu kikasogea hatua moja. Barua ikamjulisha kwamba amepewa ploti namba Kulamawe.

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Sikuwa nimecheka ofisini kwa miezi.

Meneja hakucheka. Alituita sote wawili, akaishika barua moja kwa ncha za vidole.

“Hii ni barua ama ni mdomo ya mzee?” aliuliza. “Naona mapengo tu. Siku ya kugawa ploti tuko na wageni kutoka ng’ambo, wale wametupatia hii mashine. Nitawaonyesha nini? Meno?”

Mwenzangu alianza kusema kwamba majina ya watu wa huku ndiyo shida.

“Mimi sijui shida ya majina,” meneja alisema. “Kufikia Alhamisi nataka barua imeshikana, jina ikae ndani ya maneno kama barua za watu walioendelea. Atakayeweza ndiye atabaki na kompyuta. Hapa hakuna kazi ya mataipisti wawili.”

Hivyo ndivyo alivyoongea, kama mtu anayechagua mbuzi wa kuuza. Sisi wawili tulitoka pale tukiwa tumetazamana kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi, na hapakuwa na huruma upande wowote.

Yeye alihangaika na nafasi zake, akizipunguza hapa, shimo likahamia pale. Mimi nilichukua kitabu cha maelezo kilichokuja na mashine, ambacho hakuwa amekifungua hata plastiki, nikakisoma nyumbani nikipika. Kiingereza chake kilikuwa kigumu lakini hakikuwa kigumu kuliko hasira yangu. Alipokwenda kula mchana nilifunua mashine. Nilitoa kila nafasi aliyoipiga, nikatoa kila mahali alipobonyeza kushuka mwisho wa mstari, nikabakisha moja mwisho wa aya. Nikaweka mwanzoni amri fupi inayoanza na nukta, ya kuifanya mashine ipange upya maneno kila jina linapoingia. Nikarudi kwenye faili ya majina nikatia koma kwa kila asiye na sanduku la posta, hata mahali pasipo na kitu, ili mashine ijue kwamba hakuna kitu. Aliporudi alinikuta kwenye kiti chake na printa inalia.

“Toka hapo,” alisema.

“Ngoja iishe,” nilimjibu.

Barua zilitoka zimenyooka. Jina liliingia katikati ya sentensi, fupi au refu, na maneno yakajisogeza kulipisha, mstari kwa mstari, bila pengo hata moja. Hata kwa mzee wa Kulamawe, namba ya ploti ilirudi kwake na Kulamawe ikarudi Kulamawe. Nilifurahi sana, na furaha ile ilikuwa ya chuki tupu. Nilimtaka yeye aone, nilimtaka meneja aone. Meneja aliona, akasema, “Sasa hiyo ni barua.” Mwenzangu alishusha cheti chake ukutani akakiweka ndani ya droo.

Barua zikapelekwa kwa chifu zigawiwe barazani, hata ya mama, kwa maana meneja hakutaka mtu wa ofisi apeleke nyumbani kwake mwenyewe. Siku ya kugawa ploti ilikuwa wiki iliyofuata.

Jioni ya baraza nilirudi nyumbani nikamkuta mama anachemsha chai. Majani ya chai alikuwa ameyafunga katika karatasi, kakunja koni kama wanavyofunga dukani. Ukingoni mwa karatasi niliona matundu ya printa, yale madogo ya kuvutia karatasi.

“Mama, hiyo umeitoa wapi?”

“Kwa chifu. Wametupatia matangazo, kila mtu moja.”

“Hiyo ni barua yako ya ploti.”

Mama alimimina majani kwenye bakuli, akanyoosha karatasi gotini, akaipitisha kidole gumba nyuma kutoka juu mpaka chini. Kisha akanipa.

“Hii si barua. Hii ni tangazo ya watu wote. Mahali yangu iko wapi?”

Nilimwonyesha jina lake, mstari wa pili, katikati ya maneno mengine. Nikamsomea. Alinitazama kwa jicho lile alilomtazamia mtu anayemuuzia maziwa yenye maji.

“Hapo kuna maneno tu,” alisema. “Yote yanafanana. Ile siku ya Kiwanjani pia waliniambia kwa mdomo. Sasa wewe pia unaniambia kwa mdomo.”

“Nimeiandika mimi mwenyewe, mama.”

“Basi kama ni wewe, kwa nini hukuniwekea mahali? Miaka yote unaweka watu wengine.” Akageukia chai. “Wewe msichana, mimi si mjinga. Barua yangu ikifika nitaenda.”

Nilimkasirikia vibaya. Asubuhi nilipita kwa majirani kabla ya kwenda kazini, na nikaona nilikuwa nimemkasirikia mtu mmoja kati ya wengi. Barua moja ilikuwa imefungiwa tumbaku. Moja ilikuwa imeziba tundu la ukuta upande wa upepo. Mama mmoja wa Kiborana aliniambia yake aliiacha palepale kwa chifu kwa sababu hakuona haja ya kubeba tangazo, na akaniuliza barua za kweli zitaletwa lini. Waliojua kusoma walikuwa wameziweka vizuri. Waliokaa Chechelesi miaka mingi kuliko wote, wale ambao ploti zilikuwa zao hasa, walikuwa wakingoja.

Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja. Nilimweleza. Sikuweka chumvi wala sukari.

“Mkubwa, turudishe mstari wa nukta. Nitayajaza majina kwa taipureta. Hawa watu hawatakuja, na kama watakuja hawana barua.”

Alikuwa akitia saini vocha na hakuinua kichwa.

“Madam, si ni wewe uliondoa mapengo?”

“Ni mimi.”

“Na kazi ilikuwa safi. Sasa unataka nirudi nyuma kwa sababu ya mtu amefunga majani ya chai? Kila mtu amepewa barua. Karani wa chifu ametia tiki. Atakayekosa kuja, amesema mwenyewe hataki.” Hapo ndipo aliponitazama. “Ama ni mama yako ndiye anakusumbua?”

Nilimwambia ndiyo, ni mama yangu. Akasema basi hilo ni jambo la nyumbani. Nilitoka. Nimewahi kutukanwa na watu wengi, lakini si kwa sauti ya upole namna ile.

Jumamosi meneja alikuwa amekwenda kwao mlimani, kama kila wiki. Ufunguo wa ofisi nilikuwa nao mimi kwa sababu ndimi niliyekuwa nikifungua kila asubuhi. Niliingia, nikafungua faili ya barua, nikafuta zile alama zote nilizojivunia. Nikarudisha nafasi. Nikarudisha nukta, mstari mzima wa nukta kwa jina, mwingine kwa namba ya ploti. Nikaweka hata kushuka mwisho wa kila mstari, kengele isiyokuwepo ikinililia masikioni. Printa ikatoa barua za zamani kwa mashine mpya. Halafu nikaenda stoo, nikapuliza vumbi kwenye taipureta yangu, nikaanza kujaza wale wasiosoma. Nilizipiga herufi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Utepe ulikuwa umekauka, na nilitaka jina litoboe.

Pale pa saini nilikwama. Meneja hangetia saini, nami sikuwa tayari kuighushi yake. Nikaandika k.n.y. Meneja, yaani kwa niaba yake, nikatia yangu, wazi kabisa, isomeke.

Mwenzangu alinikuta nimefika katikati. Alikuwa amesahau mwavuli, au alisema hivyo. Alisimama mlangoni akatazama barua zilizotandazwa sakafuni, mapengo yote yamerudi.

“Meneja anajua?” aliuliza.

“Nenda umwambie.”

“Nitamwambia. Usifikiri sitamwambia.”

“Mwambie na ile ya Kulamawe,” nilisema, nikaendelea kupiga.

Alichukua mwavuli wake akaondoka. Jumapili nilizigawa mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Mama nilimpa ya mwisho kwa sababu bado nilikuwa na kinyongo. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba nyuma, kikasimama.

“Hapa,” alisema.

Aliifunga kwenye kitambaa pamoja na kitambulisho chake, akakiweka kifuani.

Siku ya kugawa ploti walikuja. Walikaa chini mstari mrefu juani, akina mama wa Kiturkana na wa Kiborana na wazee na fimbo zao, kila mmoja ameshika karatasi yake na kidole gumba kikiwa nyuma pale penye jina. Wageni wa ng’ambo walipiga picha. Meneja alipokea barua ya kwanza kutoka kwa mama mmoja, akaona nukta, akaona jina limepinda kidogo juu ya mstari, akashuka na macho mpaka kwenye saini. Alinitafuta kwa macho nami sikujificha. Mgeni mmoja alimwuliza jambo huku akitabasamu, na meneja naye akatabasamu, akaitia tiki. Baada ya hiyo akatia nyingine. Zamu ya mama ilipofika, alitia kidole kwenye wino na kukikandamiza kwa muda mrefu mpaka karani akamwambia inatosha. Kisha akaenda kukaa juu ya jiwe lake la mpaka, na hakuna aliyeweza kumwinua hadi jioni.

Barua yangu niliipata kesho yake. Aliyeniletea mezani ni mwenzangu, ameibeba kwa mikono miwili. Ilikuwa imechapwa na kompyuta, kwa faili niliyoitengeneza mimi. Jina langu, la baba yangu na la babu yangu yalikuwa yameketi katikati ya sentensi bila pengo, na maneno yaliyosema kwamba nimetia saini bila idhini na kwamba huduma zangu hazihitajiki tena yalikuwa yamejipanga kuyapisha vizuri kabisa. Niliitafuta kasoro na sikuipata. Hilo liliniuma kuliko kupigwa kalamu kwenyewe.

“Imetoka safi,” mwenzangu alisema. Hadi leo sijui kama alikuwa akinisifu au akinitia kidole jichoni.

Nilimkuta mama kwenye ploti yake, tayari ameanza kuchimba shimo la nguzo, nusu hatua kutoka kwenye jiwe. Nilikaa juu ya udongo aliotoa, nikamwambia nimemwaga unga. Nikampa ile karatasi kwa sababu sikuweza kuendelea kuishika. Alipangusa mikono kwenye leso, akaigeuza, akapitisha kidole gumba nyuma kutoka juu mpaka chini, polepole. Akarudia tena, na safari hii alibonyeza zaidi. Nyuma ya karatasi hapakuwa na kitu.

“Unalia nini?” alisema. “Hii si yako. Hii ni tangazo.”

Akaikunja koni, akaiegemeza kwenye chungu cha chai kungoja majani, akanipa jembe.